Twiga Mkagua Daraja

Wanyama walikuwa na daraja la magogo, na mkaguzi wake alikuwa Twiga, ambaye hakupenda kuinama. Kila mwaka aligonga magogo kwa kwato mara tatu, akatangaza, "Ni zima!"

Mwaka mmoja Kereng'ende aliruka akapita chini ya daraja, akarudi mbio. "Mzee Twiga, mchwa wameyala magogo kwa chini. Yamebaki magome matupu."

"Mdudu usiye na uzito wa jani, utanifundisha madaraja?" Twiga akagonga tena. "Ni zima!"

"Haya, mzee," alisema Kereng'ende. "Tangulia, tukufuate."

Twiga akalitazama daraja, akawatazama wanyama waliojipanga kuvuka na watoto wao.

"Leo jua kali," alisema, akateremka mtoni, maji yakamfika kifuani.

Wanyama walirudi msituni kukata magogo mapya.