Daftari la Saba

Jumamosi moja, baada ya Alasiri, waheshimiwa watatu wa kidato cha kwanza walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya kichaka cha miiba ya mathenge, juu ya ukingo wa Mto Tana, wakimsubiri naibu wa mwalimu mkuu aje kumwita mtoto asiyekuwepo.

Jibril ndiye aliyekuwa na mpango. Dado alikuwa na kalamu. Sadik alikuwa na sauti, kwani ilikuwa bado ya kitoto, haijavunjika, na aibu hiyo leo ilikuwa imepata kazi.

Chanzo cha kesi kilikuwa madaftari. Katika saa za prepu, za kujisomea usiku, Dado aliandika hadithi ya Kuno, mtoto aliyechukuliwa na mafuriko akaenda kuishi katika mji ulio chini ya mto, ambako watu hupanda viboko kama punda na mamba ni askari wa lango. Bweni zima lilisoma kwa zamu. Mwalimu Harith, ndiye naibu huyo, alimnyang'anya Dado daftari la kwanza, akasema huo ni upuuzi wa watoto, akampa kisiki cha mathenge akichimbue. Madaftari sita, visiki sita. Viganja vya Dado vilikuwa ushahidi tosha.

Kisha Sadik, aliyetumwa kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu, akayaona madaftari yote sita kando ya kitanda. Yalikuwa yametiwa majalada ya karatasi ya kaki, na pembe zake zimelegea kwa kusomwa.

"Mtu mzima!" Jibril alilia kwa uchungu wa kisheria. "Ana digrii ya fizikia!"

Baraza liliketi kujadili kwa nini watu wazima hupenda hadithi za watoto. Sadik alisema ni kwa sababu hazina mtihani. Dado, kwa heshima ya mwandishi, alisema vitabu vya wakubwa vyote huishia kwenye talaka. Jibril alisema utoto ni kama tetekuwanga, ukikukosa mapema utakupata ukubwani, tena vibaya. Hoja ya Jibril ilipita.

Na dalili zilikuwepo. Mwalimu Harith aliomba mwenyewe uhamisho kutoka Hola, akashuka huku Garsen ambako wenzake huletwa wakinung'unika. Alichagua nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na mto, iliyokataliwa na walimu wote kwa ajili ya mbu. Hakula samaki kamwe. Siku ya samaki sahani yake ilirudi jikoni kwa Chengo mpishi kama ilivyotoka. Na siku moja alimwita Dado ofisini. Dado akaenda akijua ni kisiki.

"Huyo Kuno," mwalimu aliuliza, akitazama dirishani. "Huko chini anakua? Au anabaki umri uleule?"

"Anabaki miaka tisa, mwalimu."

"Na baridi? Hasikii baridi?"

"Akiwa mle ndani hasikii, mwalimu. Labda akitoka."

"Vizuri. Toka."

Basi likaandikwa daftari la saba, likaachwa juu ya dawati makusudi, likanyang'anywa kama ilivyotarajiwa. Lilieleza kwamba lango la mji hufunguka Jumamosi hii tu, baada ya Alasiri, penye kivuko cha zamani. Mtu wa juu asimame na sahani ya wali, aite jina mara tatu. Mtoto akiitika, mwitaji avue viatu, aingie majini amchukue. Mamba hawatamgusa.

"Hilo la mamba la nini?" Dado aliuliza siku ile wakiandika. "Pale mamba ni wengi, hata ng'ombe hawanyweshwi."

"Wewe tia tu, ni chumvi," Jibril alisema. "Ataita, Sadik ataitika, yeye atakimbia mpaka Minjila. Sisi tunamrekodi. Jumatatu ataturudishia madaftari yetu kwa mikono miwili, na visiki basi."

Akaja.

Alikuwa amevaa shati la Ijumaa. Mkono mmoja ulibeba sahani iliyofunikwa kawa. Mkono wa pili ulibeba taulo dogo la kijani, limekunjwa mara nne.

"Taulo!" Jibril alijiuma kiganja. "Jamani, mzee amekuja kuoga!"

Sadik alifumba macho ili asicheke. Simu, iliyoingia shuleni ndani ya mkate, ilianza kurekodi.

Mwalimu aliiweka sahani chini. Akasafisha koo.

"Tahir!"

Jibril alimtazama Dado. Dado akatikisa kichwa. Katika madaftari yote saba hapakuwa na Tahir.

"Tahir!"

Simu ilishuka polepole mkononi mwa Jibril.

"Tahir, mwanangu! Baba nimekuja!"

Dado aliurukia mdomo wa Sadik. Alichelewa. Sadik, macho bado yamefumbwa, alikuwa akihesabu miito, si majina.

"Naaam!"

Mwalimu Harith hakushtuka wala hakukimbia. Aliinama akavua viatu, akavipanga pamoja ukingoni, kisha akaingia majini, taulo amelinyanyua juu ya kichwa lisilowe.