Kadi ya Alama

Wiki ile wakufunzi walikuwa wakiwatuma askari wajifanye wana shida, ili kuwapima wachungaji wanaosomea kuhudumu jeshini. Mazungumzo yakiisha, askari hutoa kadi ya alama mfukoni, mchungaji akaitia sahihi. Mchungaji Mbogela alikuwa ameshapata watatu, na huyu wa nne, Koplo Sanare, alilia vizuri mno.

"Siwezi kurudi mpakani, mchungaji. Nikifumba macho namwona yule mama wa kisimani."

Mbogela aliitikia kwa upole, kama kitabu kilivyoelekeza, lakini jicho halikubanduka kwenye mfuko wa shati la koplo. Machozi haya kafundishwa na nani? Hata alipomwombea alifumba jicho moja tu.

"Amina," alisema, akanyoosha mkono huku akitabasamu. "Umenitoa jasho, ndugu yangu. Haya, lete kadi."

"Kadi gani, mchungaji?"

Mbogela akacheka kidogo. Au na hili nalo ni mtihani? Mkono akauacha pale pale, kiganja wazi.

Koplo aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha akavua kibati cha jina shingoni, akakiweka taratibu kiganjani, akatoka bila kupiga saluti.

Kibati kilikuwa bado na joto la mwili wake.