Mume wa Mama Kuvu

Bwana Hesabu hakuwa na soksi zinazofanana, hakuwa na wa kumlalamikia chai ikipoa, na juu ya yote hakuwa na mke nyumbani. Mke alikuwa maabara, na kuvu wake.

"Rudi leo tule pamoja," alimsihi kwenye simu.

"Siwezi, mume wangu. Kuvu hawana likizo."

Walikuwa kuvu wa nyuzinyuzi, kama pamba iliyochambuliwa. Mama Kuvu, ndivyo mtaa ulivyomwita, aliwahi kumweleza: fosfati, kemikali ndogo tu, ikijibandika kwenye protini fulani, protini huamka na nyuzi hurefuka; ikibanduka, protini hulala.

"Na wewe unalala lini?" mume aliuliza.

Makala ilikwisha kuandikwa na safari yao ya mapumziko kupangwa, ndipo mhakiki wa jarida, asiyetajwa jina, akasema sampuli hazitoshi. Safari ikaahirishwa. Mama Kuvu akarudi kwenye visahani vyake.

"Huyo mtu hana mke," alisema, akivaa koti jeupe.

"Angekuwa naye angejua uchungu," mume akaitikia. "Apate upele, akose kucha!"

Majuma yakapita. Jioni moja Mama Kuvu akaingia uso umekunjuka. "Nimerudia yote, nimetuma. Huyo bwana akikubali tu, tunaondoka."

Bwana Hesabu akayavuta masanduku uvunguni, akayafuta vumbi huku akipiga mluzi.

Ijumaa waliahidiana kula mchana pamoja karibu na kampuni ya bima alikofanya mume kazi ya hesabu. Mke hakutokea. "Nisamehe, kuna nyuzi zimeanza kurefuka!" alisema kwenye simu.

Bwana Hesabu akarudi ofisini, akala viporo peke yake, midomo imemchomoza. Kisha akavuta bahasha iliyokuwa ikimsubiri mezani. Kulikuwa na mhariri mmoja mzee wa jarida, asiyeamini kompyuta, aliyempa kibarua cha kukagua hesabu za wataalamu. Hakumwandikia jina la mtu wala mada, ila kundi la kwanza, kundi la pili, na tarakimu tupu.

Hizi alikwisha kuzirudisha mara moja hapo awali. Siku nyingine, akiwa ameshiba na kubembelezwa, pengine angezipitisha.

"Haraka haraka haina baraka," alinung'unika, akaandika: *Sampuli bado hazitoshi. Mwandishi arudie.*

Akaramba gundi, akaifunga bahasha, akaituma, kisha akawahi nyumbani kupanga nguo kwenye masanduku.