Kopo la Ngiri

Ngiri alinenepa hata akawa anahema akiingia shimoni mwake. Akamwendea Nungunungu, mganga, akapewa kopo la unga wa kahawia.

"Kijiko kimoja kila alfajiri," alisema Nungunungu, "kwa maji ya chemchemi ya mlimani, unywee hukohuko. Na jua likishazama, usile kitu."

Baada ya miezi miwili Chui alimfukuza Ngiri na hakumpata. Ngiri akaja kushukuru. Nungunungu akaona haya.

"Ndugu yangu, ule ni udongo wa kichuguu tu. Kilichokusaidia ni kupanda mlima na kutokula usiku."

"Kumbe umenilisha udongo!" Ngiri akatupa kopo, akaacha na mlima pia. Mwezi haukuisha, akarudi anahema.

"Si ungepanda tu mlima?" akauliza Nungunungu.

"Nipande nikafanye nini huko juu? Nipe udongo wangu."

Nungunungu akachota kwenye kichuguu kilekile, Ngiri akimtazama, akajaza kopo jipya. "Huu una nguvu zaidi. Unataka maji ya mlima wa pili."

Ngiri akaunusa, akatabasamu. "Hata harufu yake ni tofauti."