Kilomita Nne za Baba Shija

Siku hizi pikipiki hujifunza uendeshaji wa mwenye nayo. Sheria inataka kila ikitimiza kilomita elfu tatu ipelekwe sevisi, na huko kumbukumbu zote hufutwa. Ya marehemu mume wangu imebakiza nne.

“Mama Shija, mbona unaisukuma?” aliniuliza fundi Ndaki jana. “Kipikipiki chenyewe hakinywi mafuta! Kimeharibika?”

“Kizima,” nikamjibu, nikapita.

Niliisukuma hadi kwenye kona ya mtaa wetu, ndipo nikaipanda. Ilipofika nyumbani ikapunguza mwendo yenyewe, ikapiga honi mara mbili, kama alivyokuwa akipiga kila akirudi kutoka kazini.

“Nakuja, Baba Shija!” nikaitika.

Kisha nikashuka, nikalifungua geti.