Ukurasa Asioukariri

Mchungaji alifunua ukurasa mwingine, si ule aliokuwa ameukariri Taneli.

Mwaka 1884, usharika wetu wa Savo, nchini Ufini, haukumfungisha ndoa asiyejua kusoma, na aliyeshindwa mtihani wa kila mwaka aliketishwa chini ya meza mbele ya kijiji kizima. Taneli, mchoma lami ya misonobari, aliifahamu meza ile kwa upande wa chini kuliko seremala aliyeitengeneza.

"Tumekufagilia pale pako, bwana," alisema mwenye nyumba tuliyofanyia mtihani mwaka huo, akionyesha chini ya meza.

"Fagia pako," alijibu mchumba wa Taneli kutoka jikoni. "Nimemfundisha zizini tangu theluji ya kwanza. Hata ng'ombe sasa wanasoma."

Kidole cheusi kwa lami kilitua juu ya herufi ya kwanza, kikasita, kikasogea. Neno likatoka, likafuatwa na jingine, na kila mstari ukabaki na doa jeusi.

Mchungaji aliandika katika kitabu cha kanisa, akakifunga.

"Inatosha, Taneli. Jumapili nitatangaza ndoa yenu. Twende tukale, supu inapoa."

Taneli hakuinua kichwa.

"Ngoja kidogo, Mchungaji. Huyu Yona bado yumo tumboni mwa samaki."