Asiyeandikwa Haondoki

"Viti viwili, tafadhali. Huyu ni raia wetu, si gunia la viazi."

Mpimaji maji alishtuka. Kwa siku tisa hakuwa amesikia Kiswahili ila kile alichojisemea mwenyewe chini ya blanketi. Msemaji, mgeni aliyesimama mlangoni, alirudia kwa lugha ya pale; askari aliguna, akaleta viti. Mgeni akainama kupita chini ya boriti ya mlango bila hata kutazama juu, akaketi.

"Pole, dada. Natoka ubalozini. Mama yako hatupumzishi: kila asubuhi anapiga simu, mpaka mlinzi wetu wa getini anamwita shangazi."

Mpimaji alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Walimkamata ugenini na chupa za maji ya mto, wakamwita jasusi. Tangu hapo meno yalimgongana kila ufunguo ulipogeuka kitasani.

Mgeni alimsubiri amalize, kisha akafungua faili. "Serikali yetu imeelewana nao. Ndege inaondoka saa kumi."

Karatasi ilikuwa na mihuri na mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa na jina lake; miwili ilikuwa mitupu.

"Najua mlikuwa watatu. Wenzako wako wapi?"

Wenzake, Kasuku na Mzee wa Chupa, walitimka siku ile alipokamatwa, kuelekea maficho waliyopanga pamoja. Alikuwa ameulizwa kwa makofi walikojificha hadi midomo ikapasuka, na hakufungua kinywa.

"Sijui."

"Hata mimi ningeogopa," mgeni alisema taratibu. "Lakini orodha hii inafungwa saa sita. Asiyeandikwa haondoki, na ndege nyingine hakuna. Yule mwenye mapacha, mkewe nitamwambia nini?"

Alimtazama mgeni machoni. Yalikuwa macho ya kaka mkubwa aliyekesha na mgonjwa. Akinyamaza, atapanda ndege peke yake. Na akishuka kule nyumbani, wale mapacha atawatazamaje?

"Stoo ya saruji," alinong'ona, "nyuma ya kituo cha pampu. Msigonge mlango, watakufa kwa hofu. Pigeni mluzi mara mbili. Kasuku hawezi kusikia mluzi akanyamaza."

Mgeni aliandika yote, akamgusa bega. "Umewaokoa, dada."

Peke yake tena, alikunja blanketi vizuri, akaketi akisikiliza kila hatua ya kiatu koridoni.

Saa nane mlango ulifunguliwa. Mama mmoja mnene aliingia akihema, beji ya ubalozi ikining'inia shingoni, akamkumbatia kabla ya neno lolote.

"Shikamoo, mama. Wenzangu wameshafika uwanja wa ndege?"

"Uwanja gani, mwanangu?" Yule mama alirudi nyuma kidogo, akamtazama usoni. "Siku tisa wanatufukuza hapa getini kwao. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa ubalozi kuruhusiwa kukuona."